Injini Mpya, Nyaya Kuukuu

Wananchi waishio katika delta ya Mto Rufiji hawana barabara kuu ila maji. Atokaye Salale, Msala, Kiongoroni, Maparoni au Mbuchi kwenda Nyamisati, na kutoka huko kwenda Kibiti kutafuta hospitali, soko au ofisi ya Serikali, sharti apande chombo. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku hupanda chombo. Mwalimu aliyehamishiwa visiwani, karatasi za mitihani, dawa za zahanati, magunia ya mpunga na matenga ya kamba, vyote hupita majini. Ndivyo ilivyo pia kwa ndugu zetu wa Mafia, ambao mlango wao wa kuingilia bara ni Nyamisati. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, hata watu wa nchi kavu walijifunza maana ya kuwa na boti iwakayo pindi inapohitajika.

Wazee wetu walikwenda kwa tanga, pondo na kasia, wakingoja maji kujaa na upepo kugeuka. Leo vyombo vingi vina injini, za kuning'iniza nyuma au za kufungwa ndani. Hayo ni maendeleo, na hatuna sababu ya kuyabeza. Lakini injini haikuja peke yake. Imekuja na betri, stata, altaneta, swichi, taa na pampu, na vyote hivyo vimeunganishwa kwa nyaya. Mwenye chombo huijua injini kwa sauti yake na huyajua mafuta kwa harufu yake. Nyaya hazina sauti wala harufu mpaka siku zinapoungua.

Shabaha ya makala haya ni desturi moja iliyoenea katika bandari zetu ndogo. Injini ikichakaa huondolewa na kufungwa nyingine, mara nyingi iliyokwisha kutumika, iliyovuliwa katika lori au trekta. Fundi huilinganisha na shafti, huifunga boliti, huunganisha mpira wa mafuta, kisha huzichukua nyaya zilezile za injini iliyotoka na kuzichomeka mahali panapoelekea kufaa. Injini ikiwaka, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha na fundi hulipwa. Sisi twasema kwamba hapo kazi haijafika nusu, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo inayoacha watu wakielea usiku katika mlango wa Simba Uranga, maji yakipwa kuelekea bahari kuu.

Delta hii ina kisa chake cha kale cha mtambo uliokosa karakana. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha katika mito yetu karibu na Salale ikiwa mitambo yake ni mibovu. Sehemu zilizoharibika zilifunguliwa, zikakokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam kwa nguvu za Waafrika, zikatengenezwa na kurudishwa kwa njia ile ile. Manowari hiyo iliangamia humo humo mtoni tarehe 11 Julai 1915. Vita ile haikuwa yetu, ila migongo iliyobeba vyuma ilikuwa yetu. Zaidi ya miaka 100 imepita, na leo mwenye boti ambaye altaneta yake imeharibika bado huifungasha katika gunia na kuipeleka Dar es Salaam. Hilo lapasa kututia fedheha.

Kubadilisha injini ya chombo si jambo geni katika nchi yetu. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliondolewa mitambo ya mvuke na kuwekewa ya dizeli katika miaka ya 1970. MV Victoria ya Ziwa Victoria ilifungwa injini mpya katika ukarabati mkubwa na kurejea kazini mwaka 2020. Kazi za namna hiyo huandamana na michoro, vipimo na safari za majaribio kabla ya abiria kuruhusiwa kupanda. Hatudai kwamba boti ya futi 30 itendewe kama meli ya abiria. Twadai kwamba roho ya abiria wa Mbwera haina thamani pungufu ya roho ya abiria wa Mwanza.

MBAO SI BODI YA GARI

Kosa la kwanza na kubwa huanzia kwa mafundi waliojifunza kazi katika magari. Katika gari, umeme hutoka betri kwa waya mmoja tu na kurejea kwa njia ya bodi, kwa kuwa bodi ni chuma na chuma hupitisha umeme. Katika chombo cha mbao au cha plastiki ngumu hakuna bodi ya kurejesha umeme. Kila taa, kila pampu na kila king'ora sharti kiwe na waya wa kwenda na waya wa kurudi. Fundi asiyelizingatia hilo hufunga waya wa kurudi kwenye msumari au boliti iliyo karibu, akitumaini kwamba mbao yenye unyevu wa chumvi itapitisha. Hupitisha kweli, lakini kidogo, na umeme huo unaotangatanga ndio unaokula boliti, misumari na rafadha hadi chombo kianze kuvuja mahali ambapo hakikugongwa na kitu.

Waya wa kurudi ulio mkubwa kuliko zote ni ule wa athi, utokao kwenye injini yenyewe kwenda ncha hasi ya betri. Injini ibadilishwapo, waya huu husahauliwa, au hufungwa juu ya rangi mpya iliyopakwa kuipendezesha injini kuukuu. Rangi haipitishi umeme. Basi umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi, na mara kwa mara huipata katika kebo ya akselereta au ya gia. Nahodha akiona kebo hiyo ina moto mkononi baada ya kujaribu kuwasha, na ajue kwamba ugonjwa si wa kebo. Athi haipo. Akiendelea kulazimisha, kebo itashikana, na hapo hataweza kuongeza mwendo wala kuupunguza.

Kosa la pili ni kudhani kwamba waya unaowasha taa unaweza kuzungusha stata. Taa ya wati 12 katika umeme wa volti 12 huvuta ampea 1 tu, hali stata ya injini ya dizeli ya kadiri huvuta ampea 100 na zaidi. Kiungo chenye kutu chaweza kupitisha ampea 1 bila taabu, kisha kikashindwa kabisa kupitisha 100. Ndiyo sababu mwenye chombo huapa kuwa betri ni nzima kwa vile taa inawaka, kumbe swichi ikizungushwa husikika mlio mmoja wa "ta!" na kimya. Wengi hapo hununua betri mpya. Betri mpya nayo hushindwa, na fedha ya mauzo ya kamba ya wiki nzima huwa imepotea bure.

Kosa la tatu lahusu kujaza betri. Injini nyingi za zamani zilikuwa na dainamo, na za leo zina altaneta. Altaneta nyingi huhitaji umeme kidogo kutoka betri ili zianze kuzalisha, na umeme huo hupita katika ile taa ndogo nyekundu ya kuonyesha chaji. Fundi asiyejua huiona taa hiyo kuwa ni pambo, huitupa pamoja na dashibodi ya zamani na kukata waya wake. Tangu siku hiyo altaneta huzunguka bila kuzalisha, au huzalisha tu injini ikipigwa moto mkali. Siku ya kwanza chombo huwaka, siku ya pili huwaka kwa shida, siku ya tatu hukwama. Wengine hujaribu altaneta kwa kuvua waya wa betri huku injini ikiunguruma, waone kama itaendelea. Jaribio hilo ni la kuharibu. Betri ikitolewa ghafula, umeme hupanda kwa kishindo na kuunguza diodi zilizomo ndani, na altaneta iliyokuwa nzima huwa mbovu mikononi mwa mpimaji.

Kosa la nne ni kuchanganya volti. Malori makubwa aghalabu hutumia volti 24, na boti ndogo hutumia 12. Injini ya lori ifikapo na stata ya volti 24, mwenye chombo huongeza betri ya pili na kuziunganisha mfululizo. Hapo taa na pampu za zamani zikiunganishwa juu ya betri zote mbili huungua. Zikiunganishwa juu ya betri moja tu, betri hiyo hupungukiwa chaji daima na mwenzake huzidishiwa hadi kuchemka. Njia iliyo sahihi ni kubadilisha stata na altaneta ziwe za volti 12, au kubadilisha vifaa vyote viwe vya 24. Njia ya katikati ni ya kujidanganya.

Kosa la tano ni namna ya kuzima injini. Baadhi ya injini za dizeli zina solenoidi ambayo lazima ipate umeme ndipo mafuta yapite, na nyingine zina ile ambayo hupata umeme ndipo mafuta yakatike. Katika aina ya kwanza, waya mmoja ukikatika injini huzimika katikati ya mkondo. Katika aina ya pili, waya ukikatika injini haizimiki kwa swichi hata moto ukitokea. Fundi anayehamisha nyaya bila kujua injini aliyonayo ni ya aina gani anacheza kamari kwa roho za watu. Waya wa kuvuta kwa mkono, unaokata mafuta bila kutegemea umeme, ni kifaa cha bei ndogo. Kila chombo chenye dizeli ya ndani kingestahili kuwa nacho.

Kosa la sita lina hatari kuliko yote, nalo ni kukosekana kwa fyuzi. Betri ya chombo yaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba wa taa ukichubuliwa na mtikisiko wa injini na kugusa chuma, umeme wote huo hupita ndani yake, na kwa muda mfupi mpira huyeyuka na waya huwa mwekundu kama kaa. Kando yake pana mafuta, mbao na nguo za abiria. Fyuzi huwekwa karibu na betri ili ikatike yenyewe kabla ya waya kuungua, na kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni sawa na kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi funguo. Katika boti za petroli jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kukaa ngamani, ambako ndiko aghalabu zilikolazwa nyaya na kuwekwa betri. Cheche moja yatosha.

Pampu ya kuondoa maji ya ngama nayo hukosewa. Fundi huiunganisha nyuma ya swichi ya kuwashia, hata nahodha akitoa ufunguo na kwenda nyumbani, pampu hufa. Chombo kinachovuja kidogo hulala majini usiku na asubuhi hukutwa kimekaa chini. Pampu yenye boya sharti iunganishwe moja kwa moja na betri, kwa fyuzi yake yenyewe.

Mambo yote hayo huzidishwa na maji yetu ya chumvi. Waya wa kawaida wa nyumba au gari, ukisokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, hunyonya unyevu kama utambi wa taa. Kutu ya kijani husafiri ndani ya mpira mbali na kiungo, na kwa nje waya huonekana mzima. Wahenga wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mafundi wetu huhangaika na injini kutoka tezi hadi omo, lakini ugonjwa mara nyingi umelala ngamani, ndani ya kiungo kilichofungwa utepe miaka 5 iliyopita.

NAMNA YA KUTAFUTA HITILAFU

Kutafuta hitilafu si uganga wala si bahati. Kuna utaratibu, na mtu aliyesoma darasa la saba aweza kuufuata. Kwanza macho: tazama ncha za betri, nyeupe au kijani ni dalili ya kutu, safisha mpaka chuma king'ae. Pili mkono: baada ya kujaribu kuwasha, gusa viungo vya nyaya nene, na kile chenye joto ndicho kinachozuia umeme. Tatu taa: mtu mmoja azungushe swichi na mwingine aangalie taa. Taa ikififia hadi kufa, shaka iende kwa betri na ncha zake. Ikibaki na mwanga uleule na stata iko kimya, shaka iende kwa swichi, solenoidi, athi na nyaya zake.

Nne mita, ambayo leo hupatikana kwa bei isiyomshinda mwenye boti. Betri nzima iliyopumzika husoma kama volti 12.6. Wakati stata inazunguka haipasi kushuka chini sana ya 10. Injini ikiwaka sharti isome kati ya 13.8 na 14.4 au karibu na hapo, na ikibaki 12 altaneta haifanyi kazi. Ili kupima athi, weka ncha moja ya mita kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha azungushwe stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbovu. Asiye na mita achukue waya mnene wa kuazimana umeme, auunge kutoka ncha hasi ya betri hadi injini. Stata ikizunguka kwa nguvu, ugonjwa umejulikana bila kununua kitu. Jambo la kushika ni kupima kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kamwe kipi kilichoponya.

DHAMANA NI YA NANI?

Yapo maswali ambayo mita haiwezi kuyajibu. Ni nani mwenye dhamana ya nyaya hizi? Mwenye chombo husema alimwamini fundi. Fundi husema alilipwa kufunga injini, si kubadilisha nyaya. Mkaguzi husema alipokagua chombo kilikuwa na injini nyingine. Kila mmoja ana hoja, na wote watatu kwa pamoja wamemwacha abiria bila mtetezi.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, ndilo lililokabidhiwa na sheria ya mwaka 2017 usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Twatambua kazi yake ya kudai maboya ya kujiokolea na kupinga upakiaji wa kupita kiasi, kazi ambayo umuhimu wake ulionekana kwa uchungu katika ajali za MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Lakini ukaguzi hushuhudia chombo kama kilivyo siku ya ukaguzi. Injini ikibadilishwa mwezi unaofuata, karatasi hubaki ileile na chombo huwa kingine. Ukaguzi unaohesabu maboya bila kufunua kifuniko cha betri umekagua nusu ya hatari.

Nao watumishi wa umma wasidhani kwamba makala haya yanawahusu wavuvi peke yao. Boti ya umma inayolala juu ya tope kwa miezi kwa sababu ya waya wa athi ni mali ya wananchi inayooza. Mara nyingi barua huandikwa kuomba injini mpya, makisio hupangwa, zabuni hungojwa, na hakuna aliyethubutu kupima betri. Kiongozi anayetia sahihi maombi ya injini mpya bila kuuliza ile ya zamani ilipimwaje hatumii fedha za umma kwa amana.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunawabebesha maskini gharama wasizoziweza. Hoja hiyo yastahili jibu la heshima, kwa kuwa umaskini wa delta si wa kubuni. Lakini tuhesabu. Mtu aliyeuza mpunga na kukopa kwa ndugu zake ili anunue injini ameshatoa fedha nyingi. Nyaya mpya, fyuzi, swichi kuu na ncha za betri ni sehemu ndogo ya gharama hiyo. Anayezikataa haokoi fedha. Anaahirisha malipo, na atayalipa kwa betri, kwa stata, kwa safari zilizokosekana, au kwa chombo chenyewe. Wako pia wanaosema kwamba ajali ni kudra. Dini haikutufundisha hivyo. Tulifundishwa chuoni kwamba mtu humfunga ngamia wake kwanza, kisha ndipo humtegemea Mwenyezi Mungu.

Yapo mambo mawili katika mto huu ambayo hayapatani. Huko juu, katika Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9 imefungwa yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwezi Februari 2024. Taifa lilipata wahandisi na mafundi wa kuusimamia umeme mkubwa namna hiyo. Haielekei kwamba huku chini, ambako maji hayohayo humwagika baharini, tushindwe kuusimamia umeme wa volti 12.

YAPASAYO KUTENDWA

Twapendekeza mambo matano. La kwanza, kubadilisha injini kuhesabiwe kuwa ni kubadilisha chombo. Mwenye boti aarifu, na chombo kikaguliwe upya kabla ya kubeba abiria, ukaguzi huo ukiwa umefunua betri, fyuzi, athi, pampu na njia ya kuzima injini. Ukaguzi ufanyike Nyamisati na katika visiwa kwa siku zilizotangazwa mapema. Kumtaka mvuvi wa Kiongoroni alete boti mbovu mbali na kwao ili ikaguliwe ubovu wake ni kumfundisha kujificha.

La pili, mafunzo yaletwe yaliko maji. Tunacho Chuo cha Uvuvi Mbegani, Bagamoyo, tunacho Chuo cha Bahari Dar es Salaam, tunavyo vyuo vya VETA. Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti iombe wakufunzi waje kwa majuma mawili kila mwaka, wafundishe mafundi wetu walio na mikono myepesi lakini hawajapata nadharia. Mwalimu Nyerere alipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule imtayarishe kijana kwa maisha ya mahali pake. Kijana wa delta anayemaliza shule bila kujua kusoma mita ya umeme, hali baba yake ana injini, hajatayarishwa.

La tatu, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu itumike pia kuanzisha karakana ya umeme wa boti Nyamisati. Kikundi cha vijana chenye mita mbili, koleo za kubania ncha, chaja ya betri na akiba ya nyaya za shaba iliyopakwa bati, zile zinazostahimili chumvi, kitaokoa safari nyingi za kwenda Dar es Salaam na kitarejesha mkopo wake. Mkopo wa boti au injini nao usitolewe bila kuhesabu nyaya zake.

La nne, kila fundi anayefunga injini aache mchoro. Hatuhitaji mchoro wa kiwanda. Karatasi moja, iliyofungwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa mbali na maji, ikionyesha waya upi unatoka wapi kwenda wapi, rangi yake na ukubwa wa fyuzi yake, yatosha. Rangi za nyaya hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na fundi wa pili asiye na mchoro wa fundi wa kwanza huanza upya gizani, pengine usiku, pengine mvuani, huku abiria wanalia.

La tano, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi na serikali za vijiji viwe na orodha ya vyombo vinavyobeba abiria na tarehe ya injini ya kila kimoja. Mwenyekiti wa kijiji hahitaji kuwa fundi ili aulize maswali manne: betri imefungwa isianguke? Fyuzi ipo? Kuna swichi kuu ya kukata umeme wote? Pampu inafanya kazi ufunguo ukitolewa? Jibu likiwa "hapana" kwa lolote kati ya hayo, abiria wasipande siku hiyo, hata mwenye chombo akiwa ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji.

Hakuna katika hayo matano linalongoja mfadhili wa kigeni wala sheria mpya kutoka Dodoma. Lanaotakiwa ni Mkurugenzi wa Halmashauri kuandika barua kwa vyuo, TASAC kutangaza ratiba ya ukaguzi wa Nyamisati na visiwa vyake, viongozi wa Chama katika kata kulifikisha jambo hili katika mikutano, na kila mwenye chombo kufunua kifuniko cha betri yake leo jioni maji yakiwa yamepwa na chombo kimekaa. Upepo wa kusi na mvua za masika huja kila mwaka kwa wakati wake, nazo haziulizi kama tumekwisha kujadiliana. Kabla hazijaja, athi zote na zikazwe, kila waya upate fyuzi, na injini mpya zipewe nyaya mpya.